Siri ya Mtungi: Usimbaji wa Faili za Matini na Nafasi ya Kaulisiri

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi wa zamani ulitekwa kwa kata moja, nayo ikijulikana ilipo. Matini ya leo ina kata nyingi. Shajara, rasimu ya diwani, sura za tasnifu na manukuu ya mahojiano ya nyanjani huandikwa kwa tarakilishi, hunakiliwa katika flashi, hutumwa kwa baruapepe na huchapishwa katika saiba iliyo karibu na lango la chuo. Kila hatua huacha nakala nyuma yake. Isitoshe, wizi wa faili ni tofauti na wizi wa daftari. Daftari likiibwa mwenyewe hulikosa na kuanza kulitafuta, ilhali faili huweza kuibwa na bado ikabaki pale pale ilipokuwa, mwenyewe asitambue lolote.

Suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa njia ya pekee. Mtafiti wa isimujamii au wa fasihi simulizi huwaendea watu nyumbani mwao na kuwaahidi kuwa majina yao hayatatajwa. Kwa ahadi hiyo husimuliwa habari za ndoa, za ugonjwa, za uhasama wa koo na za ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007. Ahadi hiyo huandikwa katika fomu ya idhini na kutiwa sahihi. Endapo manukuu yenyewe yamo katika flashi isiyo na kinga yoyote, ahadi imewekwa rehani kwa kijiti cha plastiki kinachoweza kusahaulika katika tarakilishi ya maktaba.

Makala haya yanadhamiria kueleza usimbaji ni nini, unafanyaje kazi, na ni kwa nini uthabiti wake hutegemea kaulisiri kuliko programu inayotumiwa. Kwa mintarafu hii, istilahi nne zitatumika. Matini wazi ni matini inayosomeka. Matini fiche ni ile iliyogeuzwa isisomeke. Kusimba ni kuigeuza matini wazi kuwa fiche, na kusimbua ni kuirejesha. Nywila itamaanisha neno moja la kufungulia, ilhali kaulisiri ni msururu wa maneno kadhaa unaofanya kazi hiyo hiyo.

Fumbo, Kinyume na Usimbaji

Jamii ya Waswahili haijapungukiwa na mbinu za kuficha maana. Mshairi hutumia jazanda. Mwimbaji wa taarabu hurusha kijembe ambacho ukumbi mzima hukisikia ilhali mlengwa ndiye anayekihisi. Leso huvaliwa ili jina lake liseme kile ambacho mvaaji hakutaka kukitamka. Katika mifano hii yote, matini iko wazi na maana ndiyo iliyositiriwa. Ndiyo sababu ikasemwa kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Usalama wa fumbo hutegemea ujinga wa msikilizaji, na ujinga si kinga ya kutumainiwa.

Kinyume cha watu wa pwani kinakaribia zaidi usimbaji, kwa kuwa huligeuza umbo la neno lenyewe. Silabi ya mwisho huletwa mwanzoni: kitabu huwa bukita, na siri huwa risi. Hata hivyo, kinyume kina kasoro moja kubwa. Siri yote imo katika kanuni, na kanuni ni moja kwa watu wote. Aliyeijua mara moja amewajua wasemaji wote wa kinyume, wa jana na wa kesho.

Mwanaisimu Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha nchini Ufaransa, aliliona tatizo hili katika maandishi yake ya mwaka 1883 kuhusu mawasiliano ya kijeshi. Alishikilia kuwa mfumo wa kusimba haupaswi kutegemea usiri wa kanuni zake. Hata adui akiuteka mfumo mzima, ujumbe uendelee kuwa salama maadamu ufunguo haujatekwa. Kwa lugha ya kawaida, fundi yeyote na ajue jinsi kufuli linavyoundwa, bora asiwe na ufunguo wa mlango huu. Msingi huu ungali nguzo ya taaluma ya usimbaji hadi leo. Programu ambayo mtengenezaji wake hukataa kueleza inavyosimba, akidai kuwa hiyo ndiyo siri ya usalama wake, imerudi katika zama za kinyume.

Kwa Nini Kiswahili Hujifichua

Julius Caesar alizisimba barua zake kwa kuisogeza kila herufi nafasi tatu mbele katika alfabeti. Kwa kutumia alfabeti ya Kirumi ya herufi 26, maneno "siri yangu" yangekuwa "vlul bdqjx". Kwa mtazamo wa haraka, hayo ni makelele matupu. Lakini mtu anayejua kuwa matini asilia ni ya Kiswahili hahitaji kujaribu funguo zote. Maneno mengi ya Kiswahili huishia kwa irabu. Basi herufi l na x, zilizo mwishoni, huenda ni irabu. Aidha, l imejitokeza mara mbili katika neno moja lenye herufi nne, tena kwa kupishana na herufi nyingine, jambo linaloafikiana na muundo wa silabi wa konsonanti na irabu. Kwa hatua mbili tu, mifupa ya neno imekwisha kuonekana.

Mbinu hii ina historia ndefu. Mwanafalsafa al-Kindi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, aliandika risala akieleza jinsi ya kuhesabu marudio ya herufi katika matini fiche na kuyalinganisha na marudio ya herufi katika lugha inayohusika. Katika Kiswahili, herufi a huzishinda nyingine zote kwa marudio, na viambishi vya ngeli hujirudia sentensi baada ya sentensi kutokana na upatanisho wa kisarufi. Upatanisho huo ambao mwanafunzi huusifu darasani ndio unaomsaidia mvunjaji wa msimbo. Kwa hivyo, yeyote anayebuni alfabeti yake mwenyewe ya alama na kuandika shajara kwayo amejificha nyuma ya pazia la chandarua.

Usimbaji wa kisasa huondoa udhaifu huu kwa kutogusa herufi mojamoja. Mfumo unaotumiwa zaidi ulimwenguni, AES, ulibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kuidhinishwa kuwa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani mwaka 2001. Mfumo huu huchukua matini kwa mafungu ya biti 128, yaani takriban herufi 16 kwa mpigo, kisha huyavuruga kwa mizunguko 10, 12 au 14 kulingana na urefu wa ufunguo. Herufi moja ikibadilishwa katika fungu, fungu zima hubadilika. Ukitumiwa ipasavyo, marudio ya a hayaonekani tena, wala ngeli, wala mipaka ya maneno.

Urefu wa ufunguo una uzito wake. Mfumo uliotangulia, DES, wa mwaka 1977, ulikuwa na ufunguo wa biti 56. Mwaka 1998, shirika la Electronic Frontier Foundation liliunda mashine iliyojaribu funguo moja baada ya nyingine na kuupata ufunguo sahihi kwa muda usiofika siku tatu. AES huanzia biti 128, na kila biti moja inayoongezwa huzidisha idadi ya funguo maradufu. Hakuna mashine inayoweza kuzijaribu zote.

Programu hizi hazikuwa mikononi mwa raia wa kawaida tangu hapo. Mwaka 1991, Mmarekani Phil Zimmermann alitoa PGP ili mtu yeyote aweze kusimba barua na faili zake. Alichunguzwa na serikali yake kuanzia mwaka 1993 kwa tuhuma za kusafirisha nje teknolojia iliyodhibitiwa sawa na silaha, na uchunguzi ukafungwa mwaka 1996 bila ya mashtaka. Mwaka 1999, Mjerumani Werner Koch alikamilisha toleo la kwanza rasmi la GnuPG, programu huru inayotumia kanuni hizo hizo bila malipo.

Kaulisiri: Ufunguo Ulio Kichwani

Ikiwa AES haivunjiki kwa kubahatisha, mwizi hupita wapi? Hupita kwenye kaulisiri. Hakuna binadamu awezaye kukariri biti 128 za nasibu. Kwa hivyo programu humwomba mtumiaji maneno, kisha huyageuza maneno hayo kuwa ufunguo. Mwizi aliyeinakili faili hashindani na AES tena. Hushindana na mawazo ya mwenye faili, akijaribu maneno ambayo mtu wa aina hiyo angeyachagua. Programu nzuri hufanya ugeuzaji huo kuwa wa polepole kwa makusudi ili kila jaribio limgharimu mwizi muda, lakini upole huo hauwezi kuliokoa neno hafifu.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha huponzwa na umahiri wake. Akiambiwa achague maneno marefu yasiyosahaulika, huchagua methali. Haraka haraka haina baraka ina herufi 23, bila kuhesabu nafasi, na kwa macho ni ndefu ya kutosha. Hata hivyo, mwizi hakisii herufi, hukisia kauli. Ichukuliwe kuwa ana orodha ya methali 3,000 kutoka katika kamusi za methali, na kuwa hujaribu kila methali kwa namna 100: kwa herufi kubwa, bila nafasi, kwa kuongeza mwaka mwishoni. Jumla ni majaribio 300,000, kazi ambayo tarakilishi humaliza kwa muda mfupi mno. Hali ni hiyo hiyo kwa mstari wa utenzi uliokaririwa darasani, aya ya msahafu au ya Biblia, kibwagizo cha wimbo na kichwa cha riwaya teule. Lolote lililokwisha kuchapishwa, mwizi anaweza kulipata. Urefu usio na nasibu ni urefu wa kivuli.

Njia ya kuaminika ni kumnyang'anya binadamu uchaguzi. Mwaka 1995, Mmarekani Arnold Reinhold alitoa mbinu iitwayo Diceware. Dadu hutupwa mara tano, na tarakimu tano zinazopatikana, kwa mfano 4-1-6-2-3, huelekeza kwenye neno moja katika orodha ya maneno 7,776. Idadi hiyo hutokana na nyuso sita za dadu zilizozidishwa mara tano. Zoezi hurudiwa hadi yapatikane maneno sita. Kaulisiri huweza kuwa, kwa mfano, "pakacha dhoruba saba kinyozi limau tumbuiza". Haina maana, haikuandikwa na mtu yeyote, na haimhusu mwenyewe kwa lolote. Kwa kuwa imekwisha kuchapwa hapa, haifai tena kutumiwa.

Hesabu yake inafaa kutazamwa. Ichukuliwe kuwa mwizi ana mashine zinazojaribu kauli trilioni moja kwa kila sekunde, na kuwa ana nakala ya orodha yenyewe. Nywila ya herufi nane ndogo zilizochaguliwa kwa nasibu ina uwezekano wapata bilioni 209. Mashine hizo huumaliza kabla ya sekunde moja kwisha. Maneno manne ya dadu humalizwa kwa takriban saa moja. Maneno matano yanahitaji siku zipatazo 329. Maneno sita yanahitaji takriban miaka 7,000. Mwizi anaijua kanuni, anayo orodha, na bado hafiki. Msingi wa Kerckhoffs umetimia.

Jambo la kuzingatia ni kuwa uthabiti hautokani na ugumu wa maneno. Neno kuku lina nguvu sawa na neno uyakinifu, maadamu yote mawili yamo katika orodha na dadu ndiyo iliyochagua. Anayetupa dadu, akalikataa neno asilolipenda na kutupa tena hadi apate la kumfurahisha, ameanza kuirejesha hiari iliyokwisha kuondolewa.

Kiswahili kina mahitaji yake katika uundaji wa orodha ya aina hii. Vitenzi vinyambulike havifai kukaa pamoja, kwani pika, pikia na pikisha vitamchanganya mwenye kukumbuka. Maneno yenye tahajia mbili yafaa kuachwa. Maneno yenye ng' yana hatari yake: baadhi ya simu na programu huandika kibainishi kilichopinda badala ya kilichonyooka, na kwa tarakilishi hizo ni alama mbili tofauti. Mwenye kaulisiri iliyo na neno ng'ombe anaweza kufungiwa nje ya faili yake mwenyewe kwa sababu ya alama hiyo tu.

Utekelezaji

Kwa mtu anayelinda faili zake mwenyewe, ufunguo mmoja wa kusimba na kusimbua unatosha. Ufunguo wa jozi, ambao GnuPG pia unao, huhitajika zaidi pale faili inapotumwa kwa mwingine, kwa mfano msimamizi wa tasnifu. Katika GnuPG, amri gpg -c ikifuatwa na jina la faili huomba kaulisiri na kutoa faili mpya iliyosimbwa. Faili asilia hubaki ilipokuwa, nayo ndiyo husahauliwa na wengi.

Programu ya 7-Zip husimba folda nzima kwa AES na hutolewa bila malipo. Katika umbo la 7z kuna kisanduku cha kusimba majina ya faili, na kisanduku hicho chafaa kutiwa alama. Bila hivyo, yaliyomo hayasomeki lakini majina yanasomeka, na jina la faili lenye jina la msailiwa na kijiji chake limekwisha kuivunja ahadi.

Programu za kuandikia nazo huweza kusimba. LibreOffice hufanya hivyo faili inapohifadhiwa kwa nywila. Microsoft Word hutumia AES kuanzia toleo la mwaka 2007, ilhali umbo la zamani la matoleo ya 1997 hadi 2003 lilikuwa na usimbaji dhaifu unaovunjika kwa urahisi. Aidha, nywila ya kuzuia kuhariri haisimbi chochote. Huo ni mlango uliochorwa ukutani.

Kwa kazi ya kila siku, VeraCrypt, iliyotolewa mwaka 2013, huunda ghala lililosimbwa katika diski au flashi. Likifunguliwa kwa kaulisiri, mtumiaji huandika ndani yake kama kawaida. Likifungwa, kilichobaki ni makelele. Ubora wake ni kwamba faili yenyewe haihifadhiwi nje ya ghala kama matini wazi.

Mipaka ya Kinga Hii

Usimbaji haulindi kila kitu. Kwanza, faili iliyofutwa kwa kawaida haijaondoka. Nafasi yake imetangazwa kuwa huru, na yaliyomo huweza kurejeshwa hadi yatakapoandikiwa juu. Programu za kuandikia pia huweka nakala za muda kimyakimya. Kwa sababu hiyo, kusimba diski nzima ya kipakatalishi ni bora kuliko kukimbizana na nakala mojamoja.

Pili, tarakilishi ya saiba au ya maabara ya chuo huweza kuwa na programu inayonakili kila kitufe kinachobonyezwa. Kaulisiri ya maneno sita ikichapwa hapo hutekwa ikiwa nzima. Faili iliyosimbwa inaweza kubebwa popote, lakini haifai kufunguliwa popote.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kaulisiri iliyosahaulika haina msamaha. Hakuna ofisi ya kuendea wala kitambulisho cha kuonyesha. Mwenye faili husimama mbele yake sawa na mwizi. Si kosa, basi, kuiandika kaulisiri kwenye karatasi na kuiweka mahali salama nyumbani, mbali na tarakilishi, hadi ikariririke. Mwizi wa mtandaoni hafungui sanduku la nguo. Nakala ya pili ya faili iliyosimbwa iwekwe pia mahali tofauti, kwa kuwa usimbaji huzuia kusomwa, hauzuii kupotea.

Historia ya fasihi ya Kenya ina kielelezo cha tofauti hii. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya yake ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za aina hiyo katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Iligunduliwa katika msako, ikachukuliwa, na baadaye akarejeshewa. Katika visa vyote viwili, kinga ilikuwa ni maficho, na karatasi iliyopatikana ilisomeka. Matini iliyosimbwa haina haja ya maficho. Inaweza kukutwa mezani na bado isiseme.

Hitimisho

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataja usimbaji miongoni mwa hatua za kulinda data za watu binafsi. Sheria, hata hivyo, hufika baada ya siri kuvuja. Kinachoizuia isivuje ni tabia ya mtafiti mwenyewe jioni anaporudi kutoka nyanjani: kuyaweka manukuu ndani ya ghala lililosimbwa kabla ya kulala, na kuifuta sauti kutoka kwenye simu pindi inapokwisha kuhifadhiwa humo.

Makala haya yamebainisha kuwa programu zipo, nyingi bila malipo, na kuwa udhaifu haumo katika hesabu zake bali katika kauli ambazo watu huzichagua. Hili ni suala la lugha. Kuteua maneno 7,776 ya Kiswahili yaliyo mafupi, yanayojulikana na yasiyochanganyana ni kazi ya leksikografia ambayo chama cha wanafunzi wenye kamusi, dadu na muhula mmoja kinaweza kuikamilisha. Mzee aliyemsimulia mtafiti kwa kuamini kuwa maneno yake yatakaa mahali salama hatajua AES ni nini, wala hana haja ya kujua. Anachodai ni ahadi yake itimizwe.